Masale Kumi na Moja ya Bi Mina

Bi Elmina Providence alikuwa amemwambia mumewe mara tatu kwamba isale halichimbwi kama kiazi. Mara zote tatu Cuthbert alijibu "ndiyo, mpenzi," kisha akaendelea kulichimba kama kiazi.

"Zungusha kwanza," alisema Bi Mina. "Mkono mzima kutoka kwenye shina. Halafu ushuke chini. Halafu ndiyo tupitishe gunia, lihame na udongo wake. Mizizi isijue hata kama imehama."

"Mizizi haina macho, Mina."

"Na wewe unayo, yamekusaidia nini?"

Cuthbert akashusha sururu. Kitu kikakatika huko chini, na isale refu kuliko yeye likamlalia begani na majani yake mekundu. Mizizi iliyotoka nalo ilikuwa mifupi kama nywele za mtu aliyetoka kwa kinyozi asubuhi hiyo.

"Umeacha nusu ya mama yangu humo shimoni," alisema Bi Mina.

Masale yalikuwa kumi na moja. Marehemu mama yake aliyapanda kwenye ukingo wa kiwanja mwaka ule Mina alipozaliwa, upande wa kwa Bwana Evans Hoyte, na kwa miaka hamsini na nane yalikuwa hayajasumbuliwa na mtu. Yalisumbuliwa na mbuzi. Mbuzi wa Hoyte, dume moja lenye ndevu ambalo mwenyewe alilipa jina la Diwani kwa sababu linakula kila kitu na halijibu swali, lilikuwa linatafuna majani tangu Krismasi. Bi Mina alikwenda kulalamika mara tano. Mara zote tano Hoyte alimwambia mbuzi ni kiumbe cha Mungu na majani huota tena.

Basi Jumatatu hiyo ya wiki ya pili ya Kwaresima, Bi Mina akaamua kuyasogeza masale yote ndani, hatua saba, mpaka chini ya dirisha la jikoni, ambako Diwani akinyanyua tu kichwa atapigwa na mwiko. Tanuri lake la mikate, lililokuwa katikati ya dirisha na ule ukingo wa zamani, likabaki nje ya masale. Hilo hakulifikiria. Alifikiria mwiko.

Mawili aliyachimba mwenyewe, ili mumewe aone kazi inavyofanywa. Yalitoka na bonge zima la udongo, kubwa kama karai, hakubaki uzi chini. Tisa alimwachia Cuthbert, na kuanzia la nne mgongo wa Cuthbert ulikuwa unauma.

Hoyte aliwatazama kutwa, amesimama uani kwake na kikombe cha kakao. Hakuuliza neno. Hapo ndipo walipaswa kushtuka, maana Hoyte ni mtu wa kuuliza bei ya jeneza katikati ya mazishi. Alichofanya ni kumfungua Diwani na kwenda kumfunga mbali, nyuma ya choo, kwa mara ya kwanza tangu amnunue.

"Umeona?" alisema Bi Mina, anapangusa mikono. "Ameona aibu."

Kwetu hapa Belfond, isale lililokomaa ndiyo hati ya kiwanja. Karatasi za wazee nyingine zililiwa na mchwa, nyingine zilikwenda na kimbunga, lakini masale yalibaki. Shina likishakuwa nene kama mkono wa mtu, hakuna anayebishana nalo: pale lilipo ndipo mpaka ulipo. Kwa sababu hiyo hakuna anayehamisha isale kubwa. Anayehamisha ni mwizi wa ardhi, na mwizi wa ardhi hatumpi hata mkono wa amani kanisani. Bi Mina alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini kwake yale yalikuwa maua ya mama yake, na mtu anayesogeza maua yake ndani ya kiwanja chake mwenyewe, nani atamwita mwizi? Wazo hilo halikumpita kichwani. Kichwani mwa Hoyte lilipita kabla kakao haijapoa.

Na kulikuwa na jambo jingine. Jumapili iliyotangulia ilitangazwa kanisani kwamba Jumanne baada ya Pasaka serikali italeta mpima ardhi, na kila mtu kiwanja chake kitaandikwa kwenye kitabu, mara moja na basi. Bi Mina hakusikia, alikuwa na mikate ya matanga tanurini. Cuthbert alikuwapo. Ila Cuthbert kanisani husinzia tangu somo la kwanza, na huzinduka wakati wa sadaka tu, ili atoke nje.

Jumatano asubuhi Bi Mina alifungua dirisha la jikoni akamkuta Hoyte ng'ambo ya masale, hatua mbili kutoka kwenye tanuri, amekunja suruali, anapanda majimbi.

"Bwana Hoyte! Umepotea njia?"

"Sijapotea, jirani. Nalima kwangu."

"Kwako wapi?"

"Hapa hapa. Mpaka kwenye masale."

Bi Mina akacheka. Kisha akamwona Hoyte hacheki. "Baba, masale haya nimeyaleta juzi! Ulikuwa umesimama pale na kikombe chako!"

"Mimi nikinywa kakao huwa siangalii mambo ya watu," alisema Hoyte. "Nachojua mimi, haya ni mashina ya miaka hamsini. Mguse mtu yeyote Belfond umuulize mpaka uko wapi, atakuonyesha isale. Au unataka kuniambia wewe, Bi Mina, mtoto wa marehemu Euphemia, umehamisha masale?"

Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ya kufika barabarani. Barabarani watu wawili wakasimama.

Bi Mina alilitazama tanuri. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Na tanuri langu?"

"Litumie tu. Mimi si mtu mbaya." Hoyte alifukia jimbi, akalisindilia kwa kisigino. "Labda mkate mmoja kila Jumamosi. Wa nazi. Si kodi, hapana, ni ujirani tu."

Tanuri hilo ndilo lililoilisha nyumba ile tangu Cuthbert alipopunguzwa kazi ya barabara. Bi Mina huoka Jumatano na Jumamosi, na nusu ya Belfond hula mikate yake. Jumamosi hiyo, ikawa mara ya kwanza maishani mwake kuutoa mkate kwenye tanuri alilolijenga kwa mikono yake na kumpelekea mwanamume mwingine kama malipo ya ruhusa ya kuoka. Hoyte aliubonyeza kwa kidole akasema umezidi moto kidogo.

Mkate huo ulimkaa Bi Mina kooni wiki nzima, na wala hakuula yeye.

Wateja nao wakaanza. Bi Clothilde, anayenunua mikate minne na kuondoka na habari za watu kumi, alisimama mlangoni mwa jiko akayatazama masale juu mpaka chini.

"Bi Mina, ni kweli umehamisha?"

"Ni yangu mwenyewe. Nimeyasogeza ndani."

"Leo ni yako. Na kabla ya hapo uliyatoa kwa nani?"

"Clothilde, nani mwenye akili anaiba kwa kurudi nyuma?"

"Mimi sijui, mama. Mwizi huwa hanielezi." Aliukagua mkate wake, ukingo kwa ukingo. "Na hii mikate, kingo zake ni zilezile za mwaka jana?"

Wateja wakacheka mpaka barabarani. Jioni hiyo watu wengi wa Belfond walionekana wanatembea kwenye mipaka yao, wanahesabu masale yao.

Cuthbert, aliyekuwa ameshapata habari za mpima dukani, alikuja na wazo.

"Tumwambie tu mpima kwamba tumeyahamisha."

"Mbele za watu?"

"Ndiyo ukweli."

"Ukimwambia mtu umehamisha masale mara moja, swali lake la pili ni mara ya kwanza ulihamisha lini. Onyesha mahali yalipokuwa."

Cuthbert akanyoosha mkono kuelekea ukingo wa zamani, kisha akaushusha. Mashimo yalikuwa hayaonekani. Hoyte alikuwa ameyafukia yote, na juu yake, urefu mzima wa mstari, akarundika nyasi kavu, maganda ya ndizi na samadi ya Diwani, kama mtu anayetengeneza mbolea yake kwa amani.

Wiki ya pili masale yakaanza kunyauka. Ilikuwa kiangazi kile cha Kwaresima ambapo hata bomba la kijiji hutoa maji kwa kukohoa. Majani ya chini yakalegea, yakapauka, yakaning'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Cuthbert akawa anaamka akiimba.

"Yafe tu!" alimwambia mkewe. "Yakifa, nani atasema yamekaa hapo miaka hamsini? Isale la zamani halifi kwa wiki mbili za jua. Mpima atayaona, atajua ni mapya. Tumepona, Mina!"

Hoyte naye alipiga hesabu hiyo hiyo. Kesho yake akaonekana anapanda kilima na ndoo mbili za maji, mzee wa miaka sitini na sita, shati limemgandama mgongoni. Anamwagilia kisha anashuka kuchota tena. Masale aliyoyatazama yakiliwa na mbuzi wake kwa miezi mitatu, sasa aliyapangusa vumbi jani kwa jani kwa kitambaa.

Bi Mina alivumilia siku tatu. Siku ya nne akatoka jikoni.

"Unamwaga juani saa sita na juu ya majani! Unayachemsha, baba!"

"Yamwagwe vipi?"

"Chini, kwenye mguu wa mti. Asubuhi, kabla jua halijapanda. Na uweke nyasi kavu juu, unyevu usitoroke. Na hayo majani ya chini yakate, yanakula bure."

"Panga ninalo," alisema Hoyte kwa unyenyekevu.

"Lete hapa, utaniharibia."

Cuthbert, dirishani, alishuhudia mkewe na adui yake wameinama pamoja, mmoja anakata, mmoja anashika. Alingoja hadi wakati wa chakula.

"Mina. Unajua unachofanya? Unamsaidia mtu kukuibia."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, Cuthbert! Kula shelisheli lako!" Naye machozi yakamtoka, yakaingia kwenye sahani. "Mama alikuwa anayasalimia kila asubuhi. Kabla hajanisalimia mimi. Nilikuwa nayaonea wivu, nikiwa mtoto mdogo nayaonea wivu maua. Sasa unataka nikae hapa kwenye kiti niyatazame yakifa, nifurahi?"

Cuthbert hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa njaa, na njaa yake ilijua mkate unatoka wapi. Siku ya Ijumaa Kuu, mkewe alipokwenda kanisani, akabandika sufuria kubwa ya maji, akatia chumvi nusu kilo, akangoja yachemke. Kilichomponza ni kitabu cha nyimbo. Bi Mina alikisahau mezani, akarudi, akamkuta mumewe ametoka mlangoni na sufuria inafuka moshi, siku ambayo kwetu hata kupiga msumari ni dhambi.

Hakupiga kelele. Alikwenda kusimama mbele ya masale na gauni lake jeupe la kanisa.

"Anza na mimi," alisema.

"Mina, toka. Ni tanuri lako nalipigania!"

"Tanuri ni mawe. Nitajenga jingine hata chumbani. Anza na mimi, Cuthbert, chumvi imeshakolea."

Walisimama hivyo mpaka maji yakapoa. Mwishowe Cuthbert aliyarudisha ndani, akayapikia majimbi, yakawa hayaliki kwa chumvi, wakayala hivyo hivyo.

Jumanne baada ya Pasaka, Belfond nzima ilikuwa na shughuli karibu na nyumba ya Bi Mina. Kuna aliyekuja kununua mkate, ingawa si siku ya mkate. Kuna aliyekuwa anatafuta kuku. Hoyte alivaa suti yake ya mazishi na tai.

Mpima alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, Bi Ollivierre, ana buti za mpira na kalamu masikioni, moja kila upande. Aliyatazama masale kumi na moja. Yalikuwa yamesimama wima, mekundu, yanang'aa, hakuna jani lililolegea. Hakika hayakuwahi kupendeza hivyo maishani mwao.

"Mazuri sana haya," alisema.

"Nayahudumia mwenyewe," alisema Hoyte. "Maji kila asubuhi, kwenye mguu wa mti. Mpaka wa mtu ni heshima yake."

"Basi mpaka ni huu." Bi Ollivierre akachomoa kalamu ya sikio la kulia. "Tanuri liko upande wa Bwana Hoyte. Bi Providence, una neno?"

Watu wakasogea karibu. Hata Diwani, huko nyuma ya choo, alinyoosha shingo. Bi Mina alimtazama Clothilde, akawatazama wateja wake mmoja mmoja, watu aliowaokea mkate wa ubatizo na wa matanga. Alijua akisema, hataitwa tena Bi Mina wa mikate. Ataitwa jina jingine.

"Niliyahamisha," alisema.

"Yesu wangu," alisema Clothilde, kwa furaha kubwa.

"Niliyahamisha mimi, kwa mikono yangu na ya huyu mume wangu. Yalikuwa kule kwenye ukingo. Nilikuwa nayaepusha na mbuzi. Sikuiba kwa mtu, ila nimeyahamisha, na kama hilo ni kosa, basi ni kosa langu. Andika hivyo."

"Kule wapi?"

"Kule kwenye lile rundo la nyasi."

Hoyte akakohoa. "Ile ni mbolea yangu, binti. Ina harufu. Utachafua buti."

"Buti ndiyo kazi yake," alisema Bi Ollivierre, akavuka majimbi, akaanza kuzoa nyasi kwa mguu.

Chini ya nyasi, kwenye samadi iliyolowa maji yote ya ndoo za Hoyte yaliyokuwa yanatelemka huko kila asubuhi, kulikuwa na kitu kimechomoza. Kilikuwa cheupe chini kwa kukosa jua, na nchani chekundu kama ulimi. Akazoa mbele. Kingine. Akazoa tena, na sasa watu walikuwa wanazoa naye, kuku akasahaulika. Machipukizi ya masale, manene, yenye afya, yamejipanga mstari mmoja ulionyooka kutoka mwanzo wa kiwanja hadi mwisho. Bi Ollivierre alipiga magoti, akafukua moja kwa kisu. Chini yake kulikuwa na mzizi mnene kama mkono wa mtu, una jeraha la sururu.

"Nani alichimba hapa?" aliuliza.

"Mimi," alisema Cuthbert, kwa woga.

"Umechimba vibaya sana, baba. Umeacha nusu ya kila mti ardhini."

"Tisa," alisema Bi Mina, aliyekuwa anahesabu na mkono uko mdomoni. "Yako tisa. Mawili hayapo." Akasimama kwenye yale mapengo mawili, na ikamjia polepole. Mapengo yalikuwa mahali alipochimba yeye, kwa ustadi, bila kuacha uzi chini.

Cuthbert naye alihesabu. Uso wake ulifunguka kama mlango wa duka.

"Mina," alisema. "Mpenzi wangu. Sema yalichimbwa kama nini?"

"Nyamaza."

"Waambie watu. Kama nini?"

"Kama kiazi," alisema Bi Mina, na Belfond nzima ikaangua kicheko, naye akiwamo, anacheka na kulia na kujifutia aproni.

Bi Ollivierre aliuchora mpaka kwenye machipukizi. Hoyte alisema kwamba sasa amekumbuka, kwamba kumbukumbu za mzee ni kitu kigumu, akalegeza tai. Clothilde alinunua mikate minne ambayo haikuwa imeokwa bado.

Watu walipotawanyika, Bi Mina alisimama na mumewe kwenye ule mstari. Yale mapengo mawili yalimsumbua.

"Lazima turudishe mawili," alisema. "Usije ukawa mpaka wenye meno yaliyong'oka."

Cuthbert akachukua sururu, akamtazama mkewe, anangoja maelekezo. Mkono mzima kutoka kwenye shina, zungusha kwanza, gunia.

"Chimba tu," alisema Bi Mina. "Chimba unavyojua wewe."

Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kumwambia hivyo. Cuthbert ilibidi akae chini kwanza.

Asubuhi ya kesho yake, kabla jua halijapanda, Bi Mina alifungua dirisha la jikoni. Hoyte alikuwa ng'ambo ya mpaka wa machipukizi, nje kabisa, na ndoo mbili zimejaa. Alikuwa na sura ya mtu aliyefika mlangoni kisha akakumbuka kwamba hakualikwa.

"Nimezoea," alisema. "Nimeamka miguu imekwenda yenyewe bombani. Mke wangu tangu afe sijapata kitu cha kuamkia, Bi Mina, na haya yalikuwa yameshanizoea."

Bi Mina alitamani sana kumkumbusha ule mkate uliozidi moto. Alikuwa na haki hiyo na maneno alikuwa nayo tayari.

"Ukikanyaga chipukizi nitakuchoma tanurini," alisema. "Pita pale kwenye pengo lililobaki."

Hoyte akapita, ameinua ndoo juu, anatembea kwa ncha za vidole.

"Na Jumamosi unanunua mkate wako kwa pesa kama watu wengine," Bi Mina aliongeza. "Na chini, Hoyte. Kwenye mguu wa mti."

"Kwenye mguu," alisema Hoyte, akainama akamimina.